Baiskeli ya kukunja yenye mota inapogoma: soma dalili kabla ya kununua kifaa kingine

Baiskeli ya kukunja iliyofungwa mota ikigoma, wengi hulaumu mota au kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota), wakaagiza nyingine na kusubiri mzigo. Mara nyingi kilichoharibika ni waya wa bei ndogo, plagi iliyojaa vumbi au swichi ya breki iliyokwama. Na pale tatizo linapokuwa kubwa kweli, chanzo chake kipo siku ya ununuzi: uma (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) wa alumini, betri yenye namba za uongo, au mota iliyotengenezwa kwa gurudumu kubwa. Kwa hiyo hapa tutaanza na dalili, lakini zitakurudisha tena na tena kwenye kile ulichonunua. Kama bado hujanunua, anza na sehemu ya uma na ya betri, kisha urudi juu.

Unachohitaji ni multimita ya kawaida, kama ile ya fundi redio, spana ya nati za ekseli (kwa mota nyingi ni namba 18), na mtu wa kukushikia baiskeli. Kila kipimo cha mota kinafanywa gurudumu likiwa limeinuliwa kutoka chini. Usilipuuze hilo: waya uliolegea ukigusana ghafla, baiskeli inaruka.

"Haiwaki kabisa"

Pima betri kabla ya kitu kingine. Betri ya volti 36 ina safu 10 za seli, na ikijaa inasoma volti 42. Ikikaribia volti 31 kontrola nyingi huzima zenyewe. Ya volti 48 ina safu 13 na ikijaa inasoma 54.6. Kwa hiyo betri ya volti 36 ikisoma 36 kamili usidhani imejaa. Imeshatumika zaidi ya nusu.

Kama tundu la kuchajia linaonyesha volti nzuri lakini tundu la kutolea umeme linasoma sifuri au kitu kidogo kisichoeleweka, basi fyuzi imeungua au bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri imekata. Bodi hiyo mara nyingi hujirejesha ukiichomeka betri kwenye chaja kwa muda mfupi. Fyuzi badilisha kwa ile ya ampea zilezile. Ukiziba kwa kipande cha waya umeondoa kinga iliyosimama kati ya hitilafu na moto.

Volti zikiwa nzuri na bado kimya, fungua plagi ya skrini. Plagi hizi za mviringo zina mishale miwili inayotakiwa kutazamana na kusukumwa hadi mwisho. Vumbi letu la Dodoma ni laini kama unga, linaingia palipoachwa upenyo wa nywele. Lisugue kwa brashi kavu ya meno, nyoosha pini iliyopinda, rudisha.

"Skrini inawaka, gurudumu halizunguki"

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni breki. Vishikio vya breki vinavyokuja na seti ya mota vina swichi ya kukata umeme ukibana, na kishikio kisiporudi vizuri kontrola inadhani umeshika breki muda wote. Chomoa plagi za swichi zote mbili na ujaribu. Kwenye seti nyingi mota itazunguka papo hapo, na umepata jibu bila kununua chochote: waya wa breki umekaza mno, au mchanga umeingia kwenye egemeo la kishikio. Ukishasafisha, rudisha plagi. Swichi hizo zinahitajika.

Wa pili ni sensa ya pedali, ile sahani yenye visumaku inayozunguka na ekseli ya pedali. Kwenye baiskeli ya kawaida sahani hii haiguswi na mtu. Kwenye ya kukunja, ukiilaza au ukiiegemeza imekunjwa, mara nyingi uzito unaishia upande wa pedali, sahani inasukumwa na kuondoka mahali pake. Nafasi kati ya sahani na sensa iwe milimita mbili hadi tatu. Ikizidi sana, pedali zinazunguka na kontrola haina habari. Sahani ikiwekwa kinyumenyume matokeo ni hayohayo, kwa sababu seti nyingi zinatambua mwelekeo wa pedali.

Kama una ekseleta ya mkononi, pima nyaya zake tatu. Kati ya mwekundu na mweusi pawe na takriban volti 5. Waya wa ishara usome karibu volti 0.8 ukiwa hujazungusha, na upande hadi karibu 4 ukizungusha hadi mwisho. Volti 5 zisipokuwepo kabisa usiitupe ekseleta kwanza. Chomoa vifaa vingine vinavyotumia volti hizohizo kimoja kimoja, pamoja na plagi ya mota, maana kimoja kikiwa na shoti vyote vinazimika.

"Inakata nikiikunja, au nikipita kwenye tuta"

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa ndiyo hitilafu ya baiskeli za kukunja hasa, na maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya baiskeli zisizokunjika.

Waya unaopita kwenye bawaba ya fremu, na ule unaopanda kwenye nguzo ya usukani, unapindwa mahali palepale kila mara unapoikunja. Plastiki ya nje ni laini na inavumilia. Shaba iliyomo ndani inachoka, inakatika uzi mmoja mmoja, na kwa nje huoni kitu. Kisha siku moja baiskeli inazima kwenye tuta la Area D, unaitikisa, inawaka, unaondoka ukiamini imepona.

Namna ya kuikamata ni hii. Inua gurudumu lenye mota, washa, iache izunguke polepole. Fungua kibana cha bawaba na uanze kuikunja taratibu huku msaidizi akisikiliza mlio wa mota. Pale inapositasita, simama. Sasa shika waya kwa vidole viwili, sentimita chache kila upande wa bawaba, na uuminye kidogo kidogo ukielekea katikati. Palipokatika huwa laini kuliko kwingine: waya unapinda kwa urahisi kama utambi, hausukumi kidole. Hapo ndipo.

Kuuunganisha kwa kuusokota na kufunga utepe wa gundi ni kuahirisha. Kata sehemu yote iliyochoka, lehemu kipande kipya cha waya wa nyuzi nyingi nyembamba (waya mgumu wa nyumba haufai), na kila kiungo kivalishwe mpira unaonywea kwa joto. Kisha badilisha njia ya waya. Usipite ndani ya pembe ya bawaba unakobanwa, wala nje unakovutwa. Upitishe juu ya mhimili wa bawaba kwa kitanzi kilegevu, na uubane kwa kamba za plastiki mbali na bawaba, kiasi cha sentimita nane hadi kumi kila upande, ili mpindo ugawanyike kwenye urefu mkubwa. Mwishowe ikunje na kuikunjua huku ukitazama. Waya usivutike popote, usiminywe na kibana, usiguse cheni.

Kabla ya kununua, hili ni la kufikiria: mota ya gurudumu la nyuma, na betri nyuma ya nguzo ya kiti, zinaacha nyaya nene upande mmoja wa bawaba. Zinazovuka zinabaki zile nyembamba za skrini na breki. Mota ya mbele na betri ya nyuma zinalazimisha nyaya za umeme mkubwa kuvuka bawaba. Mota ya mbele ni rahisi kufunga, nakubali, lakini ukiichagua weka betri na kontrola kwenye mfuko wa mbele, upande huohuo wa bawaba.

"Inatetemeka, inanguruma, haiendi"

Mota ina nyaya tatu nene, kwa kawaida njano, kijani na bluu, na nyembamba tano za sensa. Moja ya zile nene ikiwa haijashika, mota inatikisika na kugugumia bila nguvu. Moja ya sensa ikifa, inaweza kugoma kuanza lakini ikaenda vizuri ukiisukuma kwanza kwa pedali.

Chomoa plagi ya mota na uzungushe gurudumu kwa mkono. Mota zenye gia ndani huwa huru zikienda mbele, kwa hiyo zizungushe kinyumenyume ndipo usikie mota yenyewe. Ikiwa gurudumu ni zito na linakwamakwama plagi ikiwa imechomolewa, kuna shoti ndani ya mota au kwenye waya wake. Ikiwa ni jepesi plagi imechomolewa, na linakuwa zito ukiichomeka huku umeme umezimwa, kontrola ndiyo iliyoungua. Kipimo hiki kinachukua dakika moja na kinatenganisha gharama mbili tofauti kabisa.

Kwa sensa, rudisha plagi, washa umeme, na upime kila waya wa ishara ukilinganisha na ule mweusi huku gurudumu likizungushwa polepole. Usome karibu sifuri, kisha karibu 5, kisha sifuri. Usiobadilika ndio mbovu.

Halafu tazama mahali waya unapotokea kwenye ekseli. Ukiuona umejizungusha au umechubuka pale penye nati, acha vipimo vyote vya umeme. Tatizo lako ni la chuma, na ni la hatari.

Ekseli iliyozunguka, na uma usiofaa

Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yake inasukumwa kinyume, inataka kuzunguka kwenye mdomo wa uma. Ekseli ya mota nyingi ina kipenyo cha milimita 12, imechongwa pande mbili ibaki 10, na hizo pande mbili bapa ndizo zinazoizuia. Mdomo wa uma ukipanuka kidogo tu, ekseli inageuka, inakata waya wake yenyewe, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Uma wa chuma hupanuka kwanza, unakupa dalili: nati inalegea kila baada ya siku chache, kuna mlio wa "tak" unapoanza kuondoka. Uma wa alumini hauonyi. Unapasuka. Kwa hiyo sifungi mota ya mbele kwenye uma wa alumini, na sishauri mtu afunge, hata kama muuzaji anasema mota ni ndogo. Chukua sumaku dukani: ikishika uma, ni chuma. Na hata kwenye chuma, weka mkono wa kuzuia ekseli, kile kipande cha bamba chenye tundu bapa kinachofungwa kwa bolti au bendi kwenye mguu wa uma. Vinauzwa pamoja na mota. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuchonga kingine kwenye bamba la milimita 5 au 6, mradi tundu libane ekseli bila kucheza.

Pima pia upana. Uma wa kawaida una nafasi ya milimita 100 kati ya midomo miwili. Baiskeli nyingi za kukunja za inchi 20, za Dahon na zilizoiga umbo lake, zina 74 tu. Mota ya 100 haiingii hapo, na kuupanua uma kwa nguvu ni kuuharibu. Kuna mota nyembamba zilizotengenezwa kwa 74. Zitafute hizo, au hamia gurudumu la nyuma, ambako unapima tena: 130 na 135 ndizo zinazokutwa sana.

Kwa baiskeli za mtumba, zile zinazotoka Japani zikiwa na kikapu na gia sita, kagua bawaba kwa tochi kabla ya bei. Mstari mwembamba kwenye rangi karibu na sehemu iliyochomelewa, hasa ukiwa na kutu inayotiririka, unaweza kuwa ufa. Weka baiskeli hiyo chini, tafuta nyingine. Mota na betri vinaongeza kilo kadhaa na mwendo, na vyote vinaishia kwenye bawaba hiyo.

"Inakata kwenye mlima" na "haifiki Mtumba na kurudi"

Nimeziweka pamoja kwa kuwa zote mbili ni maswali ya betri.

Tazama volti kwenye skrini unapopanda, tuseme kilima cha UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Zikishuka kutoka 38 hadi 30 na kurudi 37 ukiachia, seli zako ni dhaifu au ni chache kwa kontrola uliyonayo. Kama volti hazishuki sana lakini betri inazima ghafla na kukataa kuwaka hadi uichaji au uiguse swichi, bodi ya ulinzi inakata kwa sababu kontrola inavuta ampea nyingi kuliko inazoruhusu. Kontrola ya ampea 20 kwenye betri ya ampea 15 ndoa hiyo haidumu. Nunua kwa kulinganisha namba hizo mbili.

Safu za seli zikiwa hazilingani, moja inaisha mapema na kuzima zote. Kabla ya kulia, iache betri kwenye chaja saa kadhaa baada ya taa kuwa ya kijani, ukiwa karibu. Bodi nyingi husawazisha seli wakati huo. Isipobadilika, mpelekee fundi mwenye uzoefu wa betri za lithiamu apime kila safu. Usifungue mwenyewe kwa bisibisi: ncha ikigusa mahali pawili, inachomelea.

Sasa hesabu. Zidisha volti kwa ampea-saa: 36 kwa 10 ni wati-saa 360. Baiskeli ya gurudumu dogo, mpanda akisaidia kwa pedali, inakula wati-saa 8 hadi 15 kwa kilomita kulingana na upepo, mzigo na upepo wa tairi. Mji wa Serikali Mtumba uko takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, upande wa mashariki, na kiangazi upepo wa Dodoma hutoka hukohuko. Kwenda kazini asubuhi unapigana nao: 15 mara 17 ni 255. Jioni unakusukuma: chukua 8.5 mara 17, karibu 145. Jumla 400. Betri ya 360 haitoshi hata ikiwa mpya, na hapo mota haina kosa. Ama uchaji ofisini, ama ununue ya ampea-saa 14, yenye wati-saa 504. Kwa anayezunguka Kisasa, Majengo na Makole, ile ya 10 inamtosha.

Na hizo ampea-saa ziwe za kweli. Dukani omba mizani. Seli moja ya silinda ya aina ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Yenye ampea-saa 2.5 inahitaji seli 40 kufikisha volti 36 na ampea-saa 10, yaani karibu kilo 1.9 za seli peke yake, bila kasha. Ya ampea-saa 20 inahitaji seli 80, karibu kilo 3.8. Zipo seli nzuri zinazobeba zaidi kidogo, hadi 3.5 hivi, lakini betri ya "20" yenye kilo mbili ni uongo uliopimika. Zilizoundwa kwa seli kuukuu za kompyuta za mkononi ziogope zaidi: zinasoma volti nzuri zikiwa zimetulia, na zinaanguka mlima wa kwanza.

Jambo moja kwa wanaoagiza nje: betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye mzigo wa abiria wa ndege. Usimwombe ndugu anayekuja akubebee.

"Inavuta vizuri lakini haina mwendo"

Hii si hitilafu. Mota iliyotengenezwa kwa gurudumu la inchi 26, izunguke mara 200 kwa dakika, inakupa kilomita 25 kwa saa. Ifunge kwenye inchi 20 mizunguko ileile inakupa 18. Kwa gurudumu la 20 agiza mota ya mizunguko 270 hadi 300 kwa volti ulizonazo. Wanaoishi Ntyuka au wanaopanda UDOM kila siku wanaweza kuibakiza ile ya polepole kwa hiari. Inapanda kwa nguvu na haichemki haraka.

Pancha na spoku

Mbigili haina huruma na tairi dogo. Ukipita kwenye njia ya vumbi nyuma ya nyumba, simama, zungusha magurudumu na uzing'oe kabla hazijazama. Pancha ya gurudumu lenye mota izibe bila kulitoa: pindua baiskeli, vua ukingo mmoja wa tairi, vuta kipande cha tyubu, weka kiraka, rudisha. Ukilazimika kulitoa, piga picha ya mpangilio wa washa (zile pete za chuma za kwenye ekseli) kwanza. Washa yenye jino ikirudi upande usio wake, ekseli inakosa kinga niliyoieleza juu. Mkanda wa ndani wa kuzuia miiba ni pesa iliyotumika vizuri, na dawa ya pancha ndani ya tyubu inafaa pia.

Spoku zikikatika mara kwa mara kwenye kichwa au kwenye chupa yake (kile kinati cha kwenye rimu), tazama zilivyosukwa. Mota ina kipenyo kikubwa na rimu ni ndogo, kwa hiyo spoku ni fupi na zikipishanishwa mara mbili zinaingia kwenye rimu kwa pembe kali. Zisukwe zikipishana mara moja tu, kwa spoku za geji 13 au 14. Nene zaidi ya hapo hazisaidii, zinaumiza rimu.

Chaja na mvua

Taa ya chaja ikiwa ya kijani papo hapo na betri ni tupu, umeme hauingii. Pima chaja yenyewe: ya betri ya volti 36 itoe karibu 42. Isipotoa, ni chaja. Ikitoa, rudi kwenye fyuzi, pini na bodi. Umeme ukikatika, chomoa, na uchomeke tena ukishatulia. Gharama isikutishe: kujaza betri ya wati-saa 360 hakumalizi nusu ya uniti ya LUKU. Usichaji betri iliyotoka juani ikiwa bado ya moto, chaji kwenye sakafu ya saruji na si kando ya kitanda. Iliyovimba, inayotoa harufu au inayopata joto bila kutumika, itoe nje ya nyumba na isitumike tena.

Desemba hadi Aprili, maji huingia kwenye mota kwa kuufuata waya. Uache waya ushuke kidogo chini ya ekseli kabla ya kupanda kuelekea kontrola, ili tone lidondokee hapo. Sensa zikizingua baada ya kuvuka korongo, ikaushe baiskeli siku nzima kabla ya kupima. Na usiipeleke kwa waosha magari wenye mashine ya presha. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.